Fundi Koki Hajabatizwa

Kama kuna mtu aliyekijua kisima cha ubatizo cha kanisa lile, basi ni Fundi Koki. Alikijua kuliko hata Mchungaji aliyekuwa akisimama ndani yake. Alijua kigae kipi kimelegea, bomba lipi hukohoa kabla ya kutoa maji, na pembe ipi ina utelezi wa kumwangusha mtu mzima na heshima zake. Ubatizo ukikaribia, yeye ndiye aliyeingia na brashi, akasugua, akasuuza, akajaza, kisha akapima ubaridi kwa kiwiko kama mama anayetaka kumwogesha mtoto. Hapakuwa na muumini aliyelowa katika maji yale mara nyingi kama yeye. Na mtu huyo, jamani, hakuwa amebatizwa.

Usinitazame hivyo. Nitakueleza ilivyotokea, maana ukiisikia kwa wengine watakutilia chumvi mpaka ishindwe kulika.

Enzi za ujana wake, alipokuwa fundi mchanga mwenye spana moja na majivuno mengi, Koki alihudhuria darasa la ubatizo pamoja na wenzake. Mwalimu alikuwa mzee wa kanisa mmoja mkavu ambaye watu walimwita Kifungu, kwa sababu kila ulilomwambia alikuwa na kifungu cha katiba ya kanisa cha kukujibu. Alifundisha vizuri, simnyimi haki yake. Ila aliwaambia kwamba wakishaingia majini wataulizwa swali moja tu: unamwamini Yesu Kristo kwa moyo wako wote? Nao watajibu "ninaamini" kwa sauti ya kusikika mpaka getini.

Huo moyo wote ndio uliomkaa Koki kooni. Kuamini, aliamini. Kuna siku aliamini mpaka akatembea barabarani akipiga mluzi peke yake, watu wakadhani amepata kazi kubwa. Lakini kuna siku aliitwa kuziba bomba katika wodi ya watoto hospitalini, akaona aliyoyaona, akatoka pale hana hamu ya kuomba wala kuombewa, anajiuliza kama huko juu kuna anayesikiliza. Sasa mtu wa moyo kama huo atasemaje moyo wote? Hata wewe, ukiwa fundi, huwezi kumwambia mwenye nyumba kwamba bomba ni zima huku unasikia matone. Alitamani kuuliza darasani, lakini wenzake walikuwa wametulia tuli kama watu wasio na shida yoyote, naye akaona haya kuwa mbuzi peke yake katika kundi la kondoo.

Siku yenyewe ikafika. Kisima kilikuwa kipya, kimejengwa kwa bei ya kutupa, na rahisi ni ghali. Ibada ilipokolea, maji yakaanza kukimbia. Kumbe chini kuna ufa. Mchungaji wa enzi hizo akaanza kubatiza chapuchapu, kwaya nayo ikaongeza mwendo ili waende sambamba. Koki alikuwa kwenye foleni, joho jeupe mwilini. Hakufikiri mara mbili. Alijitosa, akautafuta ufa kwa vidole, akaukalia. Ndiyo, akaukalia, makalio yake na joho la kanisa vikawa kizibo. Akakaa pale pembeni, maji yanamfika shingoni, huku wenzake wanazamishwa na kuinuliwa mmoja mmoja mbele ya pua yake. Wa mwisho alipotoka, naye akatoka, amelowa chapachapa, meno yanagongana. Kina mama wakamkumbatia. Kwaya ikamwimbia. Kifungu akamshika mkono, akamwambia karibu ndugu yangu katika Bwana. Katika shangwe ile nani angekumbuka kwamba huyu hakuulizwa swali?

Koki alikumbuka. Na alifurahi, tusifichane. Aliponea chupuchupu. Akajiambia Jumapili ijayo nitamwona Mchungaji nimweleze. Jumapili ijayo ikaleta nyingine, hiyo nyingine ikaleta mchumba, mchumba akaleta harusi, harusi ikaleta mtoto, na ukishafika hapo, ndugu yangu, unaanzia wapi? Utamwambia nani kwamba ulikuwa umekalia ufa? Akajitia hamnazo. Kwenye meza ya Bwana alichagua kipande cha mkate kidogo kuliko vyote, kana kwamba hapo kosa linapungua.

Ila alilipenda lile kanisa. Hilo nisilisahau, kwa sababu kuna watu watasema alikuwa mnafiki, na mimi sitakubali. Aliipenda sauti ya watu wakiimba kabla hawajapasha koo, aliwapenda wazee waliosinzia wakati wa mahubiri na kuamka wakati wa matangazo. Akitengeneza choo cha kanisa aliimba tenzi zote, beti zote, kwa sauti iliyofanya watoto wa shule ya Jumapili waende kujibanza mlangoni wamsikilize. Hakuwa anadanganya alipoimba. Alikuwa mtu mwenye imani ya kuja na kuondoka, kama maji ya mgao, na siku yalipotoka alijaza kila chombo.

Mtoto wake alikuwa mmoja tu, binti. Baba yake alimwita Wakili kwa sababu tangu alipoanza kusema alikuwa anauliza maswali ya mahakamani. Kwa nini Nuhu hakuwaacha mbu? Kama Mungu anajua ninachotaka, mbona lazima nimwambie? Mama yake, kiongozi wa wahudumu wa milangoni, mwanamke mwenye kilemba kilichonyooka na macho yanayoweza kumketisha mtu bila neno, alikuwa akimjibu ale kwanza. Sasa Wakili alikuwa msichana mkubwa, amemaliza darasa la ubatizo kwa Kifungu yuleyule, na Jumapili ilikuwa zamu yake. Mama alishapiga pasi joho lake mara kadhaa mpaka likaanza kung'aa.

Jumamosi mchana Koki alikuwa ndani ya kisima anasugua, suruali imekunjwa magotini. Wakili alikuja kumshikia mpira wa maji. Kanisa lilikuwa tupu, benchi zimesogezwa, vumbi la kufagia linaelea. Koki alikuwa katika siku zake za mluzi, anaona fahari mpaka kichwa chepesi: mwanangu kesho, mwanangu kesho. Basi akawa anamwonyesha hapa utashika, hapa utaweka mguu, pale pembeni usikanyage. Wakili akasikiliza, akakaa ukingoni, akatia miguu kwenye kisima kikavu.

"Baba," akasema, "wewe ulipobatizwa, ulikuwa na uhakika?"

Koki akamwambia asogeze mpira. Wakili akausogeza. Koki akamwambia afungue maji kidogo, akafungua, akamwambia afunge, akafunga. Ukweli ni kwamba pale alikuwa anapiga chenga, na binti aliijua chenga ya baba yake. Akaendelea taratibu kwamba yeye huomba, lakini ni kama kupiga simu, inaita tu na hakuna anayepokea. Halafu kuna siku anahisi kabisa imepokelewa. Halafu tena inaita tu. Alitaka kumwambia mama lakini mama ana furaha mno, na kumwambia Kifungu ni kutafuta kesi.

"Nikafikiri," akasema, "Baba ni mtu asiyekubali hata tone moja lidondoke. Kama Baba alisimama humu akasema moyo wote, basi hili jambo lazima liwe kweli, na mimi nitasema tu."

Brashi ya Koki ikasimama hewani. Pale ndipo palikuwa pa kusema. Mlango ulikuwa wazi, hakuna mtu, ni yeye na mwanawe na vigae. Njia ya mwongo ni fupi, lakini Koki alikuwa ameitembea miaka mingi mpaka akaiona barabara kuu.

"Nilikuwa na uhakika, mwanangu," akasema.

Wakili akatabasamu, mabega yakamshuka, akafungua maji. Koki akarudi kusugua mahali alipokwisha kusugua. Mluzi ulikatika. Alikuwa amejidanganya yeye na kulidanganya kanisa, lakini hapo sasa alikuwa amempa mwanawe gogo bovu aliegemee, na hilo lilimuuma vibaya sana.

Jumapili kanisa lilifurika. Koki alivaa suti yake ya harusi, ile ambayo kifungo chake cha katikati kilikuwa kinaomba msamaha kila alipovuta pumzi, akasimama kando ya kisima penye koki ya kujazia, mahali pake pa siku zote. Mchungaji wa sasa alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye kucheka hata akisoma matangazo ya misiba ya mbali. Aliingia majini na kushusha pumzi ndefu ya starehe, na watu wakacheka. Wakili alikuwa wa mwisho. Mama yake alisimama mlangoni na taulo jipya, kilemba kimenyooka, machozi yako tayari.

Msichana akashuka. Mchungaji akamshika bega, akamuuliza lile swali.

Wakili akanyamaza. Kwaya ikavuta sauti chini chini kumsubiri. Mchungaji akarudia swali, kwa upole, akidhani maji yamemwingia sikioni. Wakili akageuza kichwa, akamtafuta baba yake kwa macho, akampata. Akamtazama vile mtu anavyoangalia ngazi kabla ya kupanda, kuona kama imesimama imara. Kisha akavuta pumzi, akafungua kinywa ajibu.

"Ngoja," Koki akasema, na bila kuvua hata kiatu akajitosa majini.

Sasa, mtu aliyeijua ile pembe ya utelezi kuliko watu wote duniani, aliikanyaga hiyohiyo. Miguu ikaenda juu, suti ikaenda chini, maji yakaruka mpaka kwa waimba besi wa kwaya. Alipoibuka, tai ilikuwa imemkalia sikioni na kile kifungo cha katikati kilikuwa kimeaga dunia. Watoto wakaangua kicheko. Mchungaji akamwinua kwa kwapa.

"Mimi sijabatizwa," Koki akasema.

Kanisa zima likafungua midomo. Koki akapiga moyo konde, akayamwaga yote. Ile siku ya ufa. Joho. Kukaa kwenye pembe. Kuimbiwa. Miaka. Alisema haraka haraka kama mtu anayetoa mwiba wa mtu mwingine, na alipomaliza akasubiri kupigwa mawe.

Kutoka mlangoni ikasikika sauti ya mkewe. Hakupaza, hakuhitaji kupaza.

"Ina maana miaka yote hii nimelala na mpagani?"

Hapo kanisa likapasuka. Kuna watu waliocheka mpaka wakashika benchi za mbele. Mpiga kinanda aliegemea kinanda kikalia chenyewe. Kifungu akasimama, kidole juu, akisema huyu alimfundisha yeye mwenyewe na alimwona ndani ya maji kwa macho yake mawili. Koki akamjibu kwa adabu zote kwamba ni kweli mzee wangu uliniona, ila nilikuwa nimekalia ufa. Wakacheka upya. Kifungu akasema kuna kifungu kuhusu jambo hili, akafikiri, akakikosa, akaketi.

Ndipo akasimama Bibi wa Mbele. Jina hilo alipewa kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumwona ameketi kwingine isipokuwa benchi la kwanza. Alisimama kwa kujikongoja, mkoba wake kifuani.

"Mchungaji, usimchelewishe fundi wa watu," akasema. "Mimi niliingia humo kwa sababu ya mpiga kinanda wa enzi zangu. Imani ilikuja baadaye. Yeye hakuja."

Lo. Sijui nikwambie nini. Mzee mmoja wa nyuma akapaza sauti kwamba yeye aliingia kwa sababu ya joto. Mwalimu wa kwaya akakiri kwamba alilipenda joho. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema aliogopa dada yake asimtangulie mbinguni na kuanza kumwamrisha huko. Watu wakawa wanasimama kama mkutano wa hadhara, watu hawana mbavu, Mchungaji mwenyewe ameshika ukingo wa kisima, mashavu yanatikisika, maji yanatikisika naye. Koki akaanza kucheka pia. Alicheka kama hajawahi, kicheko cha mtu aliyetua gunia kichwani na kugundua kwamba bado ana shingo.

Halafu akamwona Wakili. Yeye hakuwa anacheka. Koki akajikaza, akamsogelea katika maji.

"Jana nilikudanganya," akamwambia, na kanisa likatulia. "Sikuwa na uhakika. Sikuulizwa, na ningeulizwa ningekimbia. Nina siku naamini mpaka nalia, na nina siku sioni kitu. Sikukwambia kwa sababu niliona haya. Usiseme kitu humu kwa ajili yangu mimi."

Wakili akamtazama baba yake, tai kwenye sikio, maji kwenye nyusi. Alitaka kukasirika, na alikuwa na haki. Lakini midomo ikamshinda, ikapanda juu yenyewe. Akamwondolea ile tai.

Mchungaji akajipangusa uso. Akamuuliza Koki, kwa kuwa maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, naye amekuja mpaka na viatu, anataka nini sasa. Koki akasema anataka kubatizwa, miaka yote ametaka, tatizo ni lile swali.

"Moyo wote sinao, Mchungaji. Nikisema ninao, nitakuwa naongopa ndani ya maji yenyewe."

"Unao kiasi gani?"

Koki akafikiri. Alifikiri kweli, mbele ya watu wote, akiwa amefumba macho, kama anavyosikiliza bomba lililo ndani ya ukuta.

"Leo ninao wa kutosha kuingia humu," akasema. "Kesho sijui."

"Huo wa leo unampa Yesu?"

"Nampa."

"Wote?"

Koki akafumbua macho. Akatikisa kichwa ndiyo, kisha akajilazimisha, na ile sauti iliyozoeleka chooni ikatoka nzima mpaka getini: "Nampa wote."

Kifungu akaanza kuinuka. Mchungaji alimwona kwa jicho la pembeni, na kabla mzee hajanyooka, akayataja yale majina matatu kwa kasi ambayo haijapata kusikika, akamshindilia fundi chini ya maji na suti yake yote. Koki alipoibuka hakuona malaika wala hakusikia sauti. Aliona dari ya kanisa na madoa ya unyevu aliyoahidi kuyashughulikia. Lakini alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na kwaya ilikuwa inaimba wimbo ambao nusu yao walikuwa wameukosea.

Mchungaji akamgeukia Wakili, akamnyooshea mkono. Wakili akatazama ule mkono, akamtazama mama yake na lile taulo.

"Mimi bado," akasema. "Naomba nisubiri."

Nilidhani mama yake ataanguka. Hakuanguka. Alikuja na mwendo wake uleule wa kupanga watu, akafika ukingoni, akatazama mume aliyebatizwa bila ratiba na binti aliyekataa kubatizwa kwa ratiba. Taulo lilikuwa moja. Akawafunika wote wawili nalo, akawaambia nyumbani tutaongea, na hapo hapo kilemba kikamlegea kwa kicheko alichokuwa amekizuia tangu mwanzo.

Baada ya ibada Koki na Wakili walikaa kwenye ngazi za nje juani, wakisubiri viatu vikauke. Watu walipita wakimpa Koki mkono na kumwita ndugu mpya, na kila mmoja alijiona yeye ndiye wa kwanza kubuni utani huo. Walipobaki peke yao, Wakili akamuuliza kama sasa ana uhakika. Koki alijua jibu ambalo baba hutakiwa kutoa. Akamwambia hapana. Wakili akaegemeza kichwa kwenye lile bega lililolowa.

Kifungu, kwa upande wake, alikesha na katiba ya kanisa. Jumatatu alitoa uamuzi kwamba ubatizo umesimama, ndoa imesimama, lakini mbatizwa ambaye hakujibu swali kama lilivyoandikwa atarudia darasa tangu mwanzo, pamoja na yule aliyeahirisha. Mke wa Koki alisema hiyo ni adhabu ndogo mno. Jumatano jioni fundi akaoga, akavaa shati safi, akaenda kukaa kwenye benchi la wanafunzi, magoti yamemfika kidevuni, binti yake kando yake.

Mzee alifundisha somo la kwanza lilelile, kwa maneno yaleyale. Alipofika mwisho akaanza kufunga madirisha, huku akiuliza, kwa mazoea tu, kama kuna mwenye swali. Akageuka. Mikono miwili ilikuwa juu, mmoja wa msichana na mwingine mkubwa, wenye makovu ya spana. Kifungu akalifungua tena dirisha alilokuwa amelifunga, akavuta kiti, akaketi pamoja nao.

"Hata mimi ninalo moja," akasema. "Lakini anzeni nyinyi."